Saruji Ipo, Hela Haipiti: Vikwazo vya Kiuchumi kwa Nchi Inayotoka Vitani

Dodoma ni mji wa mafundi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanywa mwaka 1973, ukalala usingizi mrefu, ukaamshwa mwaka 2016, na tangu hapo milio ya nyundo haijakoma. Mtumba wizara zimeota palipokuwa vichaka, Msalato kunajengwa uwanja wa ndege, na barabara ya mzunguko inauzungushia mji mkanda. Hata mama lishe anaweza kukutajia bei ya saruji ya wiki hii. Ndiyo maana habari za Syria zinapopita redioni, kwamba Benki ya Dunia mwaka 2025 ilikadiria kuijenga upya kutahitaji dola bilioni 216, hesabu inayoanza vijiweni ni ya kifundi: mifuko mingapi, nondo tani ngapi, na nani atauza.

Hesabu hiyo haigusi kiini. Saruji haikuwa mbali na Syria. Nchi ina viwanda vyake, na jirani yake Uturuki ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa saruji duniani. Mafundi nao wapo, japo wengi walitawanyika ukimbizini. Kilichokosekana kwa miaka ni njia halali ya kulipa, bima ya kusafirishia mzigo, na mtu wa nje aliye tayari kutia saini mkataba wa miaka 20. Vikwazo hukata hapo. Ukisoma orodha ya bidhaa zilizokatazwa peke yake, hujapata hata nusu ya habari.

Kwanza tuweke sawa nani humwekea nani. Vikwazo vinaweza kutoka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na hapo kila nchi mwanachama inafungwa navyo, Tanzania ikiwemo. Vinaweza kutoka kwa nchi moja au kundi la nchi, kama Marekani au Umoja wa Ulaya, na hivyo kwa kawaida huwabana raia na kampuni zao, ingawa vya Marekani vina mkia mrefu kuliko hapo. Na vinaweza kutoka kwa majirani, jambo ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulifanya, nitalifikia. Shabaha nayo hutofautiana. Vipo vinavyobana nchi nzima, vipo vinavyobana sekta kama mafuta au magogo, na vipo vinavyomlenga mtu au kampuni kwa jina. Baada ya yaliyoikuta Iraq miaka ya 1990, Baraza la Usalama lilihamia kwenye kulenga majina na sekta. Kwenye karatasi unaonekana upole. Benki ni habari nyingine.

Rafiki yangu mwenye duka la mabomba na pampu pale Majengo aliwahi kuagiza pampu za visima kutoka Uturuki. Akajaza fomu ya kutuma fedha nje: jina la mpokeaji, namba ya akaunti, benki yake, sababu ya malipo, na kile kisanduku ambacho wengi hukiacha wazi kwa kuwa hawajui ni cha nini, benki ya kati. Ikapita wiki na ushei, binti wa benki akampigia simu.

"Shikamoo baba. Ile hela yako imerudi."

"Marahaba. Imerudi kutoka wapi?"

"Kutoka New York, baba."

"New York imefuata nini? Mimi nimetuma Istanbul!"

Binti hakuwa na jibu, na hakuna wa kumlaumu. Kumbe jina la kampuni ya muuzaji lilifanana na jina jingine lililomo kwenye orodha ya vikwazo. Mzee akaanza kukusanya nyaraka: usajili wa kampuni ya muuzaji, majina ya wamiliki, barua ya maelezo. Mwisho hela ilipita. Pampu zilifika Dodoma mvua zimeshaanza, wateja wake wa kiangazi wameshanunua kwingine.

New York iliingiaje? Malipo ya dola kati ya benki mbili zisizo na uhusiano wa moja kwa moja hupitia benki kubwa zenye akaunti za pande zote, na nyingi ya benki hizo zipo Marekani. Hela ikigusa pale, hata kwa sekunde, imeingia chini ya sheria za Marekani. Kompyuta zinalinganisha kila jina na orodha za Wizara ya Fedha ya nchi hiyo, na zikishuku zinasimamisha. Benki zina sababu ya kuogopa. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha miamala ya Sudan, Iran na Cuba kinyume cha vikwazo vya Marekani. Jiweke kwenye kiti cha meneja: kamisheni ya kutuma malipo ya pampu ni dola chache, faini ni mabilioni. Utakataa hata kile ambacho sheria inaruhusu, na hakuna bosi atakayekufukuza kazi kwa kukataa.

Huyo wa Majengo yuko katika nchi isiyowekewa kikwazo chochote. Mwenzake wa Aleppo au Homs hakukwama kwa kufanana jina. Lake lilikuwa na neno "Syria" mle ndani, na hilo lilitosha.

Syria iliwekwa na Marekani kwenye orodha ya nchi zinazodaiwa kufadhili ugaidi tangu 1979. Vita vilipoanza 2011, vikwazo vikaongezeka, vya Marekani na vya Ulaya, kwenye mafuta, benki kuu na watu wa karibu na rais wa nchi hiyo, Bashar al-Assad. Kisha Desemba 2019 ikapitishwa Marekani sheria iliyopewa jina la Caesar, jina la kificho la mtu aliyetorosha maelfu ya picha za waliouawa kwenye magereza ya Assad. Ilianza kufanya kazi Juni 2020. Makali yake mapya yalikuwa kumfuata mtu asiye Mmarekani, popote alipo, kama amefanya biashara kubwa na serikali ya Syria, na kazi za ujenzi na uhandisi zilitajwa humo waziwazi. Kwa hiyo mkandarasi wa Dubai au Cairo alitakiwa kuchagua: kandarasi ya serikali mjini Damascus, au kuendelea kutumia dola. Hapo hakuna cha kuchagua.

Chakula na dawa viliruhusiwa muda wote. Wanaotetea vikwazo huishika hoja hii kwa mikono miwili, na kisheria wana haki. Lakini mji haurudi kwa unga na dawa. Unarudi kwa umeme, maji, barabara na hati za viwanja. Nchi za Magharibi zilikuwa na msimamo kwamba hazitajenga Syria mpaka mageuzi ya kisiasa yaanze, ila zitasaidia kukarabati kwa ajili ya utu. Ukarabati unaishia wapi na ujenzi unaanzia wapi? Kuweka vioo vya madirisha ya shule ni ukarabati. Kuinua ukuta ulioanguka je? Mashirika ya misaada yaliishi na maswali ya aina hiyo, na kila swali lilihitaji mwanasheria. Mwanasheria naye hulipwa kutoka fungu lile lile la vioo.

Kisha kuna suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote. Tetemeko la Februari 2023 lilipopiga Uturuki na kaskazini mwa Syria, Marekani ilitoa ruhusa maalumu ya miamala ya msaada wa tetemeko. Ilikuwa ya siku 180. Assad alipokimbia tarehe 8 Desemba 2024, ruhusa iliyotolewa Januari 2025 kwa ajili ya huduma za umma na nishati ilikuwa ya miezi sita. Miezi sita inatosha kuleta mahema na kulipa mishahara. Haitoshi kujenga mtambo wa umeme, unaochukua miaka kuujenga na miongo kurudisha hela. Mwekezaji anayeambiwa "ruhusa ipo mpaka Julai" anaelewa kwamba Agosti anaweza kuwa mhalifu.

Rais Trump alitangaza Riyadh mwezi Mei 2025 kuwa ataondoa vikwazo vya Syria. Umoja wa Ulaya ukaondoa vyake vya kiuchumi mwezi huo huo, na Juni 30 Trump akasaini amri ya kufuta mpango wa vikwazo wa nchi yake. Watu wakashangilia barabarani. Sheria ya Caesar, hata hivyo, ilikuwa ya bunge, na rais aliweza kuisimamisha tu kwa vipindi. Kuifuta kukasubiri mpaka Desemba 2025. Katikati ya hapo kulikuwa na miezi ya nusu mlango. Yaliyotembea haraka ni yale yaliyokuwa na serikali nyuma yake. Saudi Arabia na Qatar zililipa deni la Syria kwa Benki ya Dunia, kama dola milioni 15.5, ili nchi iweze kukopa tena, na gesi ya Azerbaijan ikaanza kupitia Uturuki kwenda Aleppo Agosti 2025. Benki za kawaida za biashara, zile ambazo mwenye kiwanda cha sabuni huzihitaji, zilikuja nyuma sana.

Hebu nirudi Iraq, maana huko ndiko vikwazo vya nchi nzima vilikojaribiwa kwa ukamilifu. Azimio namba 661 la Baraza la Usalama lilipitishwa tarehe 6 Agosti 1990, siku nne baada ya Saddam Hussein kuivamia Kuwait. Vita vya mwanzo wa 1991 vilivunja mitambo ya umeme, madaraja na mitambo ya maji. Vikwazo vikabaki mpaka Mei 2003. Kuna jambo moja linalosahaulika: mafundi wa Iraq walirudisha madaraja mengi na sehemu ya umeme kwa muda mfupi wa kushangaza, kwa kunyofoa vipuri kwenye mtambo huu na kufunga kwenye ule. Fundi yeyote wa gereji anajua mchezo huo na anajua mwisho wake. Magari mawili mabovu hutoa moja zima, lakini mara moja tu.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya kuomba. Bidhaa nyingi zilihesabiwa kuwa na matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Klorini husafisha maji, pia yaweza kuwa silaha ya sumu. Pampu fulani hutumika kwenye kisima, pia kwenye kiwanda cha kemikali. Mjumbe yeyote wa kamati ya vikwazo mjini New York aliweza kusimamisha mkataba mmoja mmoja, na mikataba mingi ilisimamishwa na Marekani na Uingereza. Ili uone uzito wake, fikiria visima vya Mzakwe vinavyotunywesha sisi hapa Dodoma. Kamati inaruhusu pampu, inazuia transfoma. Au inaruhusu vyote viwili, inachelewesha klorini. Kwenye ripoti itaandikwa kuwa asilimia kubwa ya maombi yamekubaliwa, na bombani kwako hakuna maji salama. Mfumo wa maji hauna nusu. Kikikosekana kipande kimoja, hivyo vingine ni vyuma tu.

Mpango wa mafuta kwa chakula, yaani Iraq kuuza mafuta chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa ili inunue chakula na mahitaji ya raia, ulioidhinishwa mwaka 1995 na kuanza kuuza mafuta Desemba 1996, ulileta nafuu. Lakini hela ya mafuta haikwenda Baghdad yote. Mwanzoni asilimia 30 ilikatwa kulipa fidia za uvamizi wa Kuwait, na fidia hizo, jumla dola bilioni 52.4, Iraq ilimaliza kuzilipa Januari 2022, karibu miaka 19 baada ya vikwazo kuondolewa. Wasimamizi wawili wa mpango wa kibinadamu wa Umoja wa Mataifa nchini humo, Denis Halliday na Hans von Sponeck, walijiuzulu kwa kufuatana, 1998 na 2000, wakipinga wanachokisimamia. Upande wa pili, Saddam naye hakulala. Uchunguzi ulioongozwa na Paul Volcker ulibaini mwaka 2005 kuwa serikali yake ilikusanya hongo na tozo za siri za takriban dola bilioni 1.8 kutoka kwa kampuni zilizoshiriki mpango huo.

Tahadhari moja kwa msomaji. Utakutana na madai kwamba vikwazo viliua watoto nusu milioni Iraq. Takwimu hiyo ilitokana na takwimu zilizopitia mikononi mwa serikali ya Saddam, na tafiti zilizofanywa baada ya 2003 hazikukuta ongezeko hilo la vifo. Mateso yalikuwepo, tena makubwa. Ila anayetaka kuvipinga vikwazo hana haja ya namba ya kupikwa.

Na hapa kuna ugumu wa kweli wa mada hii: utatenganishaje madhara ya vikwazo na madhara ya vita vyenyewe? Sisi tuna kipimo nyumbani. Vita vya Kagera viliisha 1979. Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mkanda miezi 18. Mkanda ulifungwa miaka. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za sukari, sabuni ya kukata vipande, mabasi yaliyolala kwa kukosa tairi, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Hakuna aliyetuwekea kikwazo. Ilikuwa gharama ya vita, bei ya mafuta iliyopanda duniani, ukame, kutoelewana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na sera zetu wenyewe, ambazo mpaka leo hatupendi kuzitaja kwenye orodha hiyo. Laiti tungekuwa na vikwazo siku zile, kila kitu kingesukumiwa huko. Serikali zilizowekewa vikwazo hufanya hivyo hivyo, na huwa ni ukweli nusu.

Sasa Burundi. Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mara ya pili, nchi ikiwa katikati ya vita vilivyoanza 1993. Siku sita baadaye viongozi wa kanda walikutana Arusha, Mwalimu akiwa msuluhishi, wakakubaliana kuifungia Burundi biashara. Haikuwa Washington wala Brussels. Ilikuwa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine. Burundi haina bahari. Mzigo wake ulishuka bandari ya Dar es Salaam, ukapanda mabehewa ya Reli ya Kati, ukapita hapa kwetu, ukapita Tabora mpaka Kigoma, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Ukiishika reli hiyo umeishika Burundi kooni. Sisi tuliishika.

Kisiasa kulikuwa na matokeo, na mapema. Mwezi Septemba mwaka ule ule Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama tena. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, vikwazo vikasimamishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu alikuwa ameshafariki, na kiti cha usuluhishi alikuwa amekalia Nelson Mandela. Kuna wanaosema bila kubana reli Buyoya asingekaa mezani. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu.

Lakini nani alilipa? Mbolea ilikosekana shambani, mafuta ya taa na petroli vikawa dhahabu, mashirika ya misaada yakahangaika na vibali. Aprili 1997 viongozi wa kanda walilegeza kamba wakaruhusu vyakula, vifaa vya shule, vya kilimo na vya ujenzi, jambo ambalo ni kukiri kwamba mwanzoni vilibanwa. Na bidhaa ziliendelea kuingia kwa magendo, zikivuka mipaka ya nchi zile zile zilizosaini vikwazo. Faida ilikwenda kwa waliokuwa na uwezo wa kupitisha lori usiku bila kuulizwa, yaani walio karibu na serikali na jeshi. Mkulima wa kahawa wa mkoa wa Ngozi hana lori, wala hamjui kanali.

Sehemu hii ya magendo ndiyo inayofika mbali kuliko vikwazo vyenyewe. Vita vikiisha, nchi inahitaji watu wenye mtaji, malori, maghala na marafiki mipakani. Watakuwa akina nani? Ni wale wale. Serbia ya miaka ya 1990 ilikuza magenge ya sigara na petroli yaliyoisumbua serikali iliyofuata. Waziri mkuu Zoran Đinđić aliuawa mwaka 2003 na watu wa mtandao wa uhalifu na usalama uliokua enzi hizo. Syria nako, wafanyabiashara waliojua kuzunguka vikwazo ndio walioingia kwenye miradi ya majumba ya kifahari iliyojengwa Damascus juu ya viwanja vya watu waliohamishwa kwa amri ya mwaka 2012. Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo baadhi yao Januari 2019. Hapo, nakubali, kikwazo kilikuwa na haki yake. Kuna ujenzi ambao ni unyang'anyi uliovaa kofia ya mkandarasi, na kuupelekea mkopo ni kumsaidia mnyang'anyi kupata hati.

Mfano wa vikwazo vilivyosaidia ujenzi upo, nao unatoka Liberia. Almasi yake ilipigwa marufuku mwaka 2001, magogo mwaka 2003, kwa sababu vilimlipia rais wake, Charles Taylor, silaha. Taylor aliondoka Agosti 2003, vita vikaisha, lakini Baraza la Usalama halikuachia papo hapo. Lilisema: tengenezeni kwanza usimamizi wa misitu na almasi, hela ionekane inakoingia. Ellen Johnson Sirleaf alipoapishwa kuwa rais Januari 2006, moja ya amri zake za mwanzo ilikuwa kufuta vibali vyote vya zamani vya uvunaji. Marufuku ya magogo ikaondoka mwaka ule, sheria mpya ya misitu ikapita, ya almasi ikaondoka 2007. Kilichofanya kazi ni kwamba kikwazo kilikuwa cha kitu kimoja, sharti lilieleweka, na lilikuwa ndani ya uwezo wa serikali iliyopo. Linganisha na kumwambia rais aliyeko madarakani "ondoka ndipo tulegeze". Hilo hawezi kulitimiza akabaki, basi halitimizi. Hata Liberia mambo hayakunyooka: mwaka 2012 ikaibuka kashfa ya vibali vya misitu vilivyotolewa kiholela, sheria mpya ikiwepo.

Njia nyingine ya ujenzi ambayo wakubwa huisahau ni hela ya ndugu. Somalia haikujengwa na mikutano ya wafadhili. Nyumba na maduka mengi yalisimama kwa fedha za watoto walio nje, kupitia hawala. Novemba 2001 Marekani ilizifungia ofisi za al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote ya kutuma fedha Somalia, iliyokuwa pia na simu, ikiishuku kufadhili ugaidi. Baadaye jina lake liliondolewa orodhani. Mama wa Mogadishu aliyekuwa akingoja hela ya mabati hakurudishiwa miezi yake.

Nimeiacha Sudan mwisho kwa sababu habari yake bado inaandikwa. Marekani iliiweka kwenye orodha ya ufadhili wa ugaidi mwaka 1993 na kuifungia biashara Novemba 1997, isipokuwa baadaye iliruhusu gundi ya mgunga, ile ile inayotoka kwenye migunga ya huku Dodoma na Singida, kwa kuwa viwanda vya soda vya Marekani haviwezi kuikosa. Palipo na kiu, sheria hupata dirisha. Vikwazo vya biashara viliondolewa Oktoba 2017. Benki za nje hazikurudi, kwa sababu jina lilikuwa bado kwenye ile orodha nyingine, na kwa sababu hiyo hiyo njia ya kusamehewa madeni ilikuwa imeziba. Rais Omar al-Bashir akaangushwa 2019. Desemba 2020 jina likatoka. Machi 2021 Marekani ikatoa mkopo wa muda wa zaidi ya dola bilioni moja kulipa malimbikizo ya Sudan kwa Benki ya Dunia, na Juni nchi ikaingia kwenye mpango wa msamaha wa madeni. Miezi minne tu mbele, Oktoba 25, jeshi likapindua serikali na Benki ya Dunia ikasimamisha malipo. Aprili 15, 2023 vita vikaanza.

Januari 2025 Marekani iliwawekea vikwazo majenerali wote wawili wanaopigana, Mohamed Hamdan Dagalo wa kikosi cha RSF na Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi. Kwa kanuni za huko, kampuni ambayo mtu aliyeorodheshwa anamiliki nusu yake au zaidi nayo imefungwa, hata kama haikutajwa. Dagalo na familia yake wana biashara ya dhahabu. Jeshi lina kampuni zake chungu nzima. Amani ikipatikana kwa majenerali hao kukaa meza moja, kama ambavyo amani nyingi hupatikana, mawaziri na makampuni ya nchi hiyo yatalazimika kuthibitisha, moja baada ya jingine, kwamba si mali ya fulani. Azimio namba 2664 la Baraza la Usalama la Desemba 2022, na leseni za Marekani zilizofuata, zimefungua mlango wa kudumu kwa misaada ya kibinadamu katika vikwazo vingi, na kwa mlango huo unga na dawa vitaingia Khartoum. Transfoma ya mkopo wa miaka 15 haitapita humo.